Niliiziba kamera kwa kiganja nikiwa lindoni: tuzungumze kuhusu wanaorekodi nje ya mageti ya viwanda

Mlinzi wa Zamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo miaka mitatu, leo nimeona nilitoe. Nililinda geti la kiwanda kwa miaka 11. Mchana mmoja, zamu zikiwa zinapokezana, kijana alisimama ng'ambo ya barabara, akainua simu na kuanza kurekodi: geti, kibao, malori, watu wanaotoka. Hakusema neno. Nikavuka barabara kumuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba yuko eneo la umma na halazimiki kunieleza. Nikamwambia azime. Hakuzima. Nikanyoosha mkono, nikaiziba kamera kwa kiganja, simu ikamgonga mdomoni.

Video ilikuwa mtandaoni kabla sijamaliza zamu. Kiwanda chenyewe ndani yake hakionekani sana. Ninayeonekana ni mimi: jasho, kidole kinachonyooshwa, halafu kiganja. Wiki iliyofuata sikuwa na kazi. Mwajiri aliyenipa amri kwamba hapa hapigwi picha na mtu yeyote aliandika kwenye barua kuwa nilitenda kwa uamuzi wangu mwenyewe.

Sikuja kumlaumu kijana yule. Kumgusa mtu na kuigusa simu yake lilikuwa kosa langu, na kwa sheria za nchi nyingi hilo ni shambulio, hata kama hakuna aliyeumia. Nataka tuelewe ni kitu gani kinampata mtu mzima, mtulivu, mwenye familia, mpaka apandwe na hasira kiasi kile kwa sababu ya simu iliyo upande wa pili wa barabara.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, na nimegundua kwamba kamera imesimama mbele ya geti la kiwanda tangu filamu zilipozaliwa. Machi 1895 Louis Lumière aliweka kamera yake mkabala na kiwanda cha familia yao mjini Lyon, Ufaransa, kilichokuwa kinatengeneza vioo vya kupigia picha vya zama zile, akarekodi wafanyakazi wakitoka. Filamu haifiki dakika moja. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo ikafungua onyesho la kulipia pale Grand Café, Paris. Mtaa uliorekodiwa leo unaitwa Rue du Premier-Film, yaani Mtaa wa Filamu ya Kwanza. Matoleo yaliyobaki ni matatu, na wataalamu huyatofautisha kwa farasi: moja lina farasi mmoja, jingine wawili, jingine halina kabisa.

Nimezitazama mara nyingi nikimtafuta mtu aliyekasirika. Simuoni. Wanawake wengi wenye kofia, mbwa, baiskeli, kila mtu anashika njia yake. Baadaye nikakumbuka kamera ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya tajiri wao. Nani angekunja uso mbele ya kamera ya anayemlipa mshahara?

Miaka michache baadaye, Blackburn, Uingereza, Sagar Mitchell na James Kenyon walikuwa wakizunguka na kamera kwenye mageti ya viwanda vya kaskazini mwa nchi ile. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi: warekodi umati ukitoka kazini, kisha watu walewale walipe kiingilio kujiona kwenye pazia. Mwaka 1994 zaidi ya filamu 800 za kampuni yao zilikutwa zimehifadhiwa kwenye mapipa ya chuma chini ya jengo la duka mjini humohumo. Humo watu wanapunga mikono, wanacheka, watoto wanazunguka nyuma ya umati ili wapite tena mbele ya kamera.

Halafu kuna Lewis Hine, Marekani. Kuanzia 1908 alipiga picha za watoto waliofanya kazi viwandani na migodini, akiwa ameajiriwa na kamati ya taifa ya kupinga ajira ya watoto. Wenye viwanda walimfungia milango. Kuna siku alijifanya muuza Biblia, kuna siku muuza postikadi. Aliposhindwa kabisa kuingia, alisimama nje ya geti zamu zikibadilika. Ili kujua kimo cha mtoto bila kupima kwa wazi, alitumia vifungo vya koti lake: alijua kila kifungo kiko juu kiasi gani kutoka ardhini. Picha zile zilisaidia kuzaa sheria ya shirikisho ya 1916, ambayo Mahakama ya Juu iliibatilisha 1918, na vita vikaendelea hadi sheria ya 1938. Watoto kwenye picha za Hine wanaitazama kamera moja kwa moja, usoni.

Kamera tatu, mahali pamoja, na nyuso tofauti kabisa. Ninavyoona mimi, aliye getini hupiga hesabu upesi sana, hata kama hajui kuwa anaipiga: picha hii itakwenda kwa nani, na gharama yake italipwa na nani? Lyon walijua jibu. Blackburn walijua, tena wao ndio walikuwa watazamaji. Mimi nilichojua ni kwamba gharama ingekuwa yangu. Nilikuwa na msimamizi ananitazama kupitia kamera za ukutani, redio inaniita begani, wenzangu wamejazana dirishani. Amri niliyopewa haikunieleza mpaka wa eneo letu unaishia wapi. Miaka 11 nilifundishwa kuzuia watu. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwacha mtu aendelee na shughuli zake.

Karibuni. Wenye kurekodi nao waje, nawahitaji humu kuliko wengine.

Kamera Mkononi

Shikamoo mzee. Nimesoma mpaka mwisho, na pole kwa yaliyokukuta.

Mimi ni wa upande wa pili. Ninarekodi viwanda, maghala, mitambo, karakana. Nilianza kwa sababu ya bomba lililokuwa linamwaga maji ya rangi kwenye mtaro. Nilipeleka malalamiko, nikaambiwa hakuna ushahidi. Nikaamua nitauleta ushahidi. Hadi leo naamini kiwanda kinachotumia barabara yetu, hewa yetu na maji yetu kinapaswa kutazamwa kutoka barabarani na mtu yeyote.

Nikubali jambo moja, mzee. Sisi tunafundishana kunyamaza. Ukiulizwa unafanya nini, usijibu, au jibu kwa kifungu cha sheria. Kuna sababu: haki unayolazimika kuitolea maelezo kila unapoitumia inaanza kufanana na kibali. Lakini najua pia kwamba ukimya ule unamchoma anayeuliza, na wapo kati yetu wanaousubiri uchome.

Kwa uzoefu wangu walinzi si wabaya zaidi. Wabaya ni wanaotoka ofisini. Mlinzi huja na swali. Wa ofisini huja tayari amekasirika, hana kitambulisho, hana fulana ya kuakisi mwanga, anasimama katikati ya barabara na kudai nifute nilichorekodi.

Mlinzi wa Zamani

Marahaba mwanangu. Kusema kweli sikutegemea jibu la namna hii. Kaa hapa, usiondoke.

Hilo la kufuta nitalirudia, maana nami nilimwambia yule kijana afute.

Kifungu na Kanuni

Wakuu, nichangie upande wa sheria, kwa sababu humu watu wengi huamini kuna sheria moja ya dunia inayosema "barabarani ruksa". Haipo.

Uingereza, mwongozo wa polisi wa London uko wazi kwamba mtu hahitaji kibali kupiga picha au video mahali pa umma. Lakini haikuwa hivyo kivitendo kila wakati. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000 kiliwapa polisi nguvu ya kumsimamisha na kumpekua mtu bila kuwa na sababu ya kumshuku, na wapiga picha walisimamishwa mno. Mmoja wa waliokwenda mahakamani alikuwa mwandishi wa habari aliyesimamishwa 2003 akienda kurekodi maandamano nje ya maonyesho ya silaha. Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ikasema nguvu ile ilivunja haki ya faragha. Kifungu kikafutwa kwa sheria ya 2012.

Marekani, 2007, mwanasheria mmoja alikamatwa Boston kwa kuwarekodi polisi kwa simu kwenye bustani ya umma. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema kurekodi maofisa wa umma wakiwa kazini mahali pa umma kunalindwa na katiba. Jiji likalipa dola 170,000. Ila hiyo ni kesi ya polisi. Kwa viwanda, nitaje mbili zinazogusa uzi huu moja kwa moja.

Ya kwanza: 2013, Utah. Mwanamke alisimama kando ya barabara ya umma akarekodi kwa simu kilichokuwa kinaonekana kwenye machinjio. Akashtakiwa kwa sheria ya jimbo ya 2012 iliyokataza kurekodi shughuli za kilimo na mifugo. Alikuwa nje ya uzio. Mashtaka yakafutwa mwaka uleule, na 2017 jaji wa shirikisho akaibatilisha sheria yenyewe.

Ya pili: Machi 2014, Lima, Ohio. Waandishi wawili wa gazeti walipiga picha za mbele ya kiwanda cha vifaru vya kijeshi. Wakazuiwa, kamera zikachukuliwa, picha zikafutwa. Serikali ikaishia kulipa dola 18,000. Na hapa kuna tahadhari, kwa sababu Marekani kweli ina sheria inayokataza kupiga picha maeneo ya kijeshi yaliyotangazwa rasmi kuwa nyeti. Kwa hiyo walinzi wale hawakuitunga hofu yao. Walikosea kwenye kuchukua na kufuta.

Sasa vuka bahari. Ujerumani ina sheria ya 1907 inayosema picha ya mtu haichapishwi bila ridhaa yake, kukiwa na vighairi kadhaa. Ilitokana na tukio la 1898: wapiga picha wawili walijipenyeza chumbani alimokuwa amelazwa marehemu Bismarck, kansela wa zamani wa Ujerumani, wakaipiga picha maiti yake. Kwa kesi iliyotoka Quebec, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali 1998 alipwe fidia msichana aliyepigwa picha akiwa amekaa tu kwenye ngazi za jengo, mahali pa umma, na picha ikachapishwa kwenye jarida bila yeye kuulizwa.

Kwa hiyo, kaka Kamera, kusimama barabarani kunajibu swali moja tu: je, naweza kurekodi nikiwa hapa? Kuchapisha uso wa mtu ni swali la pili, na nchi zinalijibu tofauti sana.

Kamera Mkononi

Nimekupata mkuu. Hilo la pili huwa tunaliruka.

Fundi Mitambo

Nimefanya kazi ndani ya mitambo ya kemikali zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nije na kisa kinachowafanya mameneja waone kila kamera ni mwizi.

Machi 1969, Beaumont, Texas. Kampuni ya DuPont ilikuwa inajenga mtambo wa kutengeneza methanoli kwa njia ambayo haikutaka washindani waijue. Paa lilikuwa halijafika. Ndege ndogo ikazunguka juu, wapiga picha wawili wakapiga picha 16 na kuzikabidhi kwa mteja waliyekataa kumtaja. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ikasema hiyo ni njia isiyofaa ya kuipata siri ya biashara, ingawa ndege haikuvunja sheria ya anga. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kumlazimisha mtu ajenge paa la gharama kubwa juu ya ujenzi usiokamilika ili tu asipelelezwe kutoka angani.

Halafu kampuni ya Dow ikaishtaki serikali ya Marekani kwa sababu mamlaka ya mazingira ilikodi ndege kupiga picha mtambo wake wa Midland, Michigan. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema serikali haikukosea. Kesi zote mbili ni kamera iliyo angani juu ya mtambo. Kilichobadilika ni nani anapiga na kwa sababu gani.

Lakini sikilizeni. Mtu aliyesimama barabarani na simu hachukui siri yoyote ya maana. Mimi nikiangalia video za nje ya mtambo naona mabomba, matangi, minara, mvuke. Siri iko kwenye joto, mgandamizo, kichocheo, uwiano wa mchanganyiko. Hakuna kati ya hivyo kinachosomeka kutoka getini. Kama kuna kitu kinasomeka kutoka getini, mwenye kiwanda akihamishe. Kumtuma mlinzi akazibe kamera ni kumtwisha mzigo wa ukuta ambao hawakuujenga.

Na hili la "simu italipua gesi" nalisikia sana. Ndani ya mtambo kuna maeneo yenye hatari ya mlipuko, na huko simu ya kawaida kweli hairuhusiwi. Ulaya maeneo hayo huwekewa kibao cha pembetatu ya njano chenye herufi EX. Ukiona kwamba gesi inaweza kufika mpaka barabara ya umma kwa kiasi cha kuwaka, mwite zimamoto. Usianze na mwenye simu.

Tela Refu

Nami niseme kama dereva, maana watu wanabishania haki na hakuna anayeangalia miguu yake imesimama wapi.

Wanaorekodi hupenda mdomo wa geti, kwa sababu hapo ndipo ndani panaonekana. Mdomo wa geti ndipo mahali pabaya kuliko pote. Nikiingia na tela, kichwa kinakwenda upande mmoja kwanza ili nipate nafasi ya kukunja. Magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa, yanakata kona kwa ndani. Mtu aliyesimama kwenye kona anaona kichwa kimempita, anadhani yuko salama, kumbe tela ndilo linamjia. Na mimi wakati huo simuoni. Mbele chini ya kioo simuoni, upande wa abiria karibu na mlango simuoni, kwenye kona ya ndani vioo vinanionyesha ubavu wa tela tu.

Niliwahi kumpigia honi kijana mmoja aliyekuwa amenipa mgongo huku anarekodi. Akageuka akaniambia nisimtishe, ana haki ya kuwa pale. Nilitetemeka, wakuu. Nilisimama, nikavuta breki ya mkono, nikakaa kimya mpaka aliposogea. Kwenye video yake naonekana dereva mbishi anayeziba barabara.

Utingo wangu ndiye aliyeshuka akaongea naye. Hakumuuliza habari za kamera. Alimwonyesha magurudumu yatakapopita, akachora kwa kiatu kwenye vumbi. Kijana alisogea mwenyewe, na akashukuru.

Mlinzi wa Zamani

Utingo wako anafaa kuwa mwalimu wa walinzi. Nasema kwa dhati.

Zamu ya Usiku

Sijui kama mtanielewa, ila nitajaribu.

Mimi ni mfungashaji. Tuko wanawake wengi kwenye laini yetu. Zamu ikiisha tunatoka kwa mkupuo, tumechoka, vichwa vina vumbi, wengine bado wana aproni. Siku moja alikuwepo mtu anarekodi. Wenzangu wengine walificha nyuso kwa mitandio, wengine wakamfokea. Kwenye maoni chini ya ile video watu waliandika: hawa wanaficha nini, lazima kuna uovu humo ndani.

Niwaambie mimi nilikuwa naficha nini. Nilitoka kwenye ndoa ya kipigo. Nilihama, nikabadilisha namba, nikapata kazi mahali ambapo aliyenipiga hapajui. Ile video ilikuwa na uso wangu, jina la kiwanda kwenye kibao, na saa ya kutoka zamu. Vitu vitatu pamoja. Siku nne baadaye nilipata ujumbe kwa namba nisiyoijua: "Nimekuona." Basi, neno moja.

Nilihamishiwa zamu ya usiku. Ndiyo maana jina langu humu liko hivyo. Huwa natoka kwa geti la nyuma, na kuna mwenzangu ananisindikiza hadi kituoni.

Kaka Kamera, sikuchukii. Bomba lile linalomwaga maji machafu lirekodi, hata mimi watoto wangu wanaishi karibu na mtaro. Lakini mimi si bomba. Sikuuamua ule mtaro. Nilikuwa natoka kazini.

Kifungu na Kanuni

Dada, pole sana. Na kama bado anakutafuta, hiyo meseji iwekee nakala mahali salama, pamoja na tarehe. Usiifute hata kama inakuumiza kuiona.

Zamu ya Usiku

Nimeitunza. Asante.

Ulinzi Kwanza

Tusisahau na upande mwingine, jamani. Wezi na wahalifu wakubwa hupeleleza kabla ya kushambulia: wanaangalia kamera ziko wapi, zamu hubadilika saa ngapi, geti hukaa wazi muda gani. Anayesema mlinzi asijali kabisa hajawahi kulinda mali. Mlinzi asiyeona mtu akirekodi geti dakika arobaini hafanyi kazi yake.

Mlinzi wa Zamani

Nakubaliana nawe mkuu kwamba aone. Nilichojifunza ni kwamba kuona na kuzuia ni kazi mbili. Wanaofundisha ulinzi Uingereza siku hizi wanasisitiza jambo ambalo kwangu lilikuwa geni: mpelelezi wa kweli hapendi kutambuliwa. Ukimsogelea kwa upole, ukamsalimu, ukamuuliza kama anahitaji msaada, umeshamharibia kazi, kwa sababu sasa anajua ameonekana na uso wake umekumbukwa. Huhitaji kumkamata mkono. Na kama si mpelelezi, ni mpenda malori au kijana mwenye bomba lake, hujampa chochote cha kulalamikia. Salamu moja inafaa kwa wote wawili.

Mimi ningefanya hivyo siku ile, ningekuwa bado lindoni.

Kamera Mkononi

Nimepotea humu tangu jana, naomba radhi. Baada ya ujumbe wa dada nilirudi kuzitazama video zangu zote moja moja.

Niseme nilichokuta. Video ya bomba, ile iliyonifanya nianze, imetazamwa mara mia tisa na kidogo. Video ya meneja anayenifokea huku amesahau kufunga vifungo vya shati imetazamwa zaidi ya mara elfu arobaini. Na nikiangalia nilivyorekodi baada ya hapo, kamera yangu imehama. Mwanzo inatazama mtaro. Kadiri siku zinavyokwenda inatazama mlango, inamsubiri mtu atoke. Sikuwahi kuamua hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nyuso za wafanyakazi wanaotoka zamu nimezikuta kwenye video sita. Zote nimezitoa mtandaoni usiku. Nne nitazirudisha baada ya kuziba nyuso, programu ya kuhariri inaweza kuufuata uso hata ukitembea. Mbili sizirudishi, hazina kitu ndani zaidi ya watu wanaotoka.

Dada Zamu ya Usiku, sijui kama mmojawapo ni wewe. Naomba unisamehe hata kama si wewe.

Bado nitarekodi. Mtaro bado una rangi.

Zamu ya Usiku

Mtaro urekodi asubuhi mapema, kabla ya saa moja. Wakiosha mitambo ndipo unabadilika. Hujasikia kwangu.

Tela Refu

Na usimame upande wa nje wa kona, tafadhali.

Lindo Namba Mbili

Mzee, shikamoo. Nina miezi mitano tu kwenye kazi hii. Hilo la kufuta uliahidi kulirudia. Na pia naomba uniambie, akija mtu na kamera nifanye nini hasa, hatua kwa hatua, maana kwetu amri ni ileile yako: hapa hapigwi picha na mtu yeyote.

Mlinzi wa Zamani

Marahaba kijana wangu.

Kufuta, usidai. Huna mamlaka ya kumfanya mtu afute kilicho kwenye simu yake, na umesoma hapo juu yaliyowakuta walinzi wa Lima. Tena ukimlazimisha kufuta, unamfanya kila atakayesikia aamini kwamba kulikuwa na kitu. Kuna mazingira ambayo polisi wanaweza kuichukua simu kwa utaratibu wa kisheria. Hiyo ni kazi yao.

Akija mtu, toka ukiwa umevaa vizuri, kitambulisho kinaonekana, mikono iko chini. Simama umbali ambao hata ukiunyoosha mkono humfikii. Hili la umbali lishike sana, mimi ndilo lililonimaliza. Sema: "Habari za saa hizi. Mimi ni mlinzi wa hapa. Kuna ninachoweza kukusaidia?" Akinyamaza, mwache anyamaze. Mwonyeshe malori yanapopita kama alivyofanya yule utingo. Mwombe, ukiomba na si kuamuru, asichukue nyuso za watu zamu ikitoka, na mwambie sababu. Wengi wataelewa. Asiyeelewa, usibishane naye, kila neno la ziada unamlisha. Rudi kwenye kibanda chako, andika kwenye daftari: saa, alivyovaa, gari kama analo, alisimama wapi. Mjulishe msimamizi kwa redio kwa sauti ya kawaida. Wenzako waambie wasijazane dirishani.

Akivuka mpaka, akapanda uzio, akamgusa mtu, akarusha droni juu ya watu, hapo ni jambo jingine na kuna wa kuitwa.

Lakini kabla ya yote hayo, kuna swali moja la kumuuliza msimamizi wako, na umuulize kabla kamera haijafika. Muulize mpaka wetu unaishia wapi. Asikujibu kwa kidole, akuonyeshe kwenye ramani ya kiwanja. Ukingo wa barabara, ile sehemu ya majani, lami ya kuingilia, mtaro: ni vya kiwanda au vya umma? Miaka 11 sikuwahi kuuliza. Mahali aliposimama yule kijana palikuwa pa umma, na mimi nilivuka barabara nzima kwenda kumfukuza kwenye ardhi ambayo haikuwa yetu.

Lindo Namba Mbili

Mzee nimemuuliza leo jioni. Hajui. Aliyemtangulia naye hakumwachia chochote. Amesema kesho atatafuta ramani ofisini, halafu tutembee wote wawili kuanzia geti la mbele.